Maswali Sita kwa Mkwe Wangu

Kazi yangu ni kufundisha watu kusema. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua yangu ya ajira: mkufunzi wa mawasiliano kwa Kiingereza, chuo cha ufundi, idara zote. Mafundi wa mabomba, wa umeme, wa magari, washonaji na wapishi, wote hupitia mikononi mwangu. Nawafundisha kumsalimia mteja, kuandika barua ya kuomba kazi, kuketi mbele ya mwajiri bila kutafuna kucha. Na mwaka huu, kwa wiki tano nzima, kuna swali la maneno matatu ambalo mimi mwenyewe nilishindwa kumuuliza mtu aliyekuwa ameketi hatua chache mbele yangu.

Swali lenyewe lilikuwa: Linda yuko wapi?

Linda ni binti yangu, na sina mtoto mwingine. Mtu niliyeshindwa kumuuliza ni Abner, mume wake.

Asiye wa kwetu ataniona mjinga, kwa hiyo nieleze mara moja. Kwetu Gusii mama mkwe na mume wa binti yake wana ensoni baina yao. Ensoni ni aibu, ni heshima, na mkinibana nitasema ni ukuta. Hawashikani mikono. Hawatazamani machoni. Mama haendi nyumbani kwa mkwe wake kama anavyokwenda sokoni. Anangoja aitwe, kwa shughuli maalumu, akiwa na watu. Wengine siku hizi wameachana na hayo. Pale Nyanchwa ninakoishi, mjini Kisii, nawaona akina mama wakitoka ibada ya Sabato wakisalimiana na wakwe zao kwa mkono na kucheka. Mimi sikulelewa hivyo, na Abner, kwa bahati yangu mbaya, alilelewa na nyanya yake kwa ukali kunizidi. Siku aliyokuja kujitambulisha alinisalimia akiutazama mlango.

Basi mwezi wa tano niliingia darasa jipya la mabomba na rejista mkononi. Nikaita majina. Nilipofika kwa Abner Onchiri sauti ikajibu kutoka nyuma, karibu na dirisha, na kalamu ikanianguka. Alikuwa ameinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa dawati. Nikaita jina lililofuata kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Alijua nafundisha chuoni hapo, ila alidhani chuo kikubwa namna ile kina walimu wa Kiingereza kumi. Kina mmoja. Mwenzangu alipata kazi Nakuru mwaka juzi, na nafasi yake bado inatangazwa. Nilikwenda kwa Ogari, mkuu wa idara, nikamwomba anitoe kwenye darasa lile.

"Madam Esnah, hiyo kitu naelewa. Hata mimi niko na mama mkwe," Ogari alisema. "Lakini sasa nifanye aje? Wanafunzi ni elfu moja na mia mbili, mwalimu wa mawasiliano ni wewe. Nimlete nani?"

Akanipa fomu ya kutangaza undugu. Iliuliza kama mwanafunzi ni mtoto wangu, ndugu yangu au mume wangu. Mkwe hakuwemo.

"Basi si ndugu yako," Ogari akasema, akapiga muhuri.

Kwa hiyo tukawa tunakutana mara tatu kwa wiki, mimi na mkwe wangu, katika chumba chenye mlango mmoja. Tulijipangia utaratibu bila kuambizana. Nikigeukia ubao, yeye anainua kichwa na kunakili. Nikilikabili darasa, yeye anainama. Kazi zake nilizipokea kupitia kwa Duke, kijana mcheshi aliyekaa naye dawati moja. Mazoezi ya mahojiano ya kazi aliyafanya na huyo huyo Duke, wakiwa wamenipa mgongo, nami nikijifanya nasahihisha madaftari huku masikio yamesimama. Na kusema kweli alikuwa hodari kuliko wote. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, tisa kati ya hiyo ameitumia kufunga mabomba bila cheti, na Kiingereza chake kilikuwa kizito lakini kimenyooka. Hakupamba maneno. Akisema atafika saa mbili, unaamini atafika saa mbili.

"Madam, huyu jamaa akikuona anaingia baridi," Duke aliniambia siku moja akinikabidhi daftari. "Lakini akiwa na sisi ni redio."

Wakati huo sikuwa na neno. Nilidhani shida yangu ni aibu tu, na aibu huzoeleka. Linda alikuwa ameniambia amepata kazi kwenye duka la vitabu Nyamira mjini, na kwamba mwenye duka ni mkali, hatoi ruhusa hata ya siku moja. Alinipigia kila Jumapili kwa WhatsApp. Hakuwasha kamera, alisema kioo cha simu kimepasuka. Sikushuku kitu. Alinieleza mauzo ya madaftari, akanichekesha, akaniuliza kama bado nakunywa chai yenye sukari nyingi.

Mwisho wa mwezi wa tisa Jumapili ikapita kimya. Ikapita na ya pili. Ujumbe wangu ukaganda kwenye tiki moja ya kijivu, na namba yake ya kawaida ikawa haipatikani.

Nilishika njia nikaenda Nyamira. Niliingia duka la vitabu moja baada ya jingine, nikionyesha picha yake kwenye simu. Hakuna aliyemjua. Hakuna aliyewahi kumwajiri. Nilisimama nje ya ofisi za kaunti, watu wakinipita na mafaili yao, nikajua kwamba binti yangu amenidanganya kwa miezi mitano, na kwamba nyumba yake iko upande wa pili wa kilima nami siwezi kwenda kubisha hodi. Mume wangu angekuwa hai angekwenda yeye. Nililia pale pale barabarani, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Nikatafuta njia nyingine. Kwenye soko la Daraja Mbili kuna mama anayeuza ndizi, ametoka kijiji cha kina Abner. Nikanunua mkungu ambao sikuuhitaji, nikamuuliza habari za huko kwao kama mtu anayepitisha wakati tu.

"Linda?" akasema. "Huyo hatujamuona kanisani tangu mwezi wa tano. Sisi tulidhani ako kwako."

Nikamtuma mzee Ogeto, aliyekuwa mshenga wakati wa ndoa yao, maana mambo ya wakwe hupitia kwa mtu kama huyo. Alikwenda na kofia yake nzuri, akarudi ameshiba.

"Wako salama wote," aliniambia. "Kijana amenipokea vizuri sana."

"Linda umemwona?"

"Nimekuta ametoka kidogo."

Polisi ningewaambia nini? Mtu mzima, ameolewa, mume wake yupo na halalamiki. Na mume mwenyewe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yuko dawati la nyuma, karibu na dirisha, anaandika muhtasari wa kikao kwa Kiingereza safi. Nilikuwa namfundisha namna ya kumwuliza mteja maswali ya wazi. Nilikuwa naandika ubaoni: nani, nini, wapi, lini. Neno wapi nilikuwa nalifuta la kwanza.

Jaribio nililifanya mara moja. Nilimkuta peke yake kwenye ujia wa karakana, amebeba vipande vya bomba la plastiki. Nikasimama katikati ya njia. Nikajiambia nitatumia Kiingereza, labda kitanisaidia. Nikalitaja jina lake, na hapo nikaishia. Miaka kumi na saba nafundisha watu kufungua midomo, na wangu ulikataa. Yeye akaona nimeziba njia, akaweka mabomba chini taratibu, akatoka kupitia dirishani. Mtu mzima, dirishani! Kisha hakuja darasani kwa wiki mbili, na mahudhurio yake yakashuka karibu na kiwango cha kumzuia kufanya tathmini. Nikajua nikimsukuma tena atakimbia moja kwa moja, na akikimbia ataondoka na jibu.

Kuna jambo ambalo sikumwambia Ogari wala Ogeto. Mwezi wa kwanza Linda alikuja kwangu akasema rafiki yake amekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, na yeye anafikiria hivyo hivyo. Sikumwacha amalize. Nilimwambia aende kama anataka kunizika. Nilipandisha sauti hadi jirani akazima redio. Linda akaosha vyombo, akaaga. Hatukulizungumza tena. Katika wiki zile tano wazo hilo lilinijia kila nilipokaa kitako, na kila mara nililifukuza.

Siku ya tathmini ya mazungumzo ikafika. Chuo chetu kina sheria zake juu ya jambo hili, na ni kali, kwa sababu huko nyuma walimu waliwahi kuwanong'oneza wanafunzi majibu. Bahasha ya maswali hufunguliwa asubuhi hiyo hiyo mbele ya mashahidi. Maswali ni sita. Mwanafunzi anaingia kama mtu aliyekuja kuomba kazi, anampa mkufunzi mkono, anaketi, anajibu, anaaga. Yote yanarekodiwa kwa video, mkufunzi akionekana, na video haikatwi popote. Mkufunzi akiuliza swali lisilo kwenye karatasi, tathmini inafutwa na mwanafunzi anarudia mwezi wa saba mwaka unaofuata. Mkaguzi angekuja kesho yake kuchukua rekodi zote.

Sharti la kwanza kwenye fomu ya alama ni kusalimiana kwa mkono. La pili ni kumtazama anayekuhoji machoni. Nilikuwa nimeyafundisha mimi mwenyewe muhula mzima, nikiwazungukia wanafunzi na kuwainua videvu, nikimruka mmoja.

Nilisoma maswali, na la nne nikalikazia macho. Lilisema: eleza jambo gumu linalokukabili sasa, hatua ulizochukua, na matokeo yake.

Msidhani nilipata tumaini. Swali la namna hiyo hutokea kila mwaka, na jibu lake nimewakaririsha mimi. Bomba lilipasuka katika nyumba ya mteja, nilifunga maji, nilimweleza mteja kwa upole, nilibadilisha kiungo, mteja alifurahi. Kufikia saa tano asubuhi mabomba yalikuwa yamepasuka katika nyumba kumi na nne, wateja wote wakafurahi, na Uzair, fundi wa kompyuta aliyekuwa akirekodi, alikuwa anauma mdomo asicheke. Uzair ni kijana wa mjini, kwao wanauza vitambaa. Wasichana wa darasa lile wanamwita Daktari kwa sababu ya miwani yake.

"Madam, hii Kisii leo itajaa maji," alininong'oneza wakati wa kubadilisha betri.

Kwa alfabeti Abner alipaswa kuwa wa kwanza. Alibadilishana zamu na wenzake mmoja mmoja hadi akawa wa mwisho. Ilikuwa saa tisa na nusu alipobisha hodi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na tai ya kuazima, nadhani ya Duke. Nilikuwa nimeshaamua nitakavyofanya. Nitashika karatasi kwa mkono wa kulia ili asilazimike kunipa mkono. Nitatazama meza. Nitampa alama zake zote, mkaguzi akiuliza nitajua la kusema. Cheti kile alikuwa anakitaka sana. Kila mwanafunzi wa mabomba alijua kwamba Abner amefukuzwa kwenye mijengo mitatu kwa kukosa karatasi.

Uzair akabonyeza, taa nyekundu ikawaka. Abner akaja hadi mezani, akanyoosha mkono.

Hakuunyoosha nusu nusu. Aliuleta juu ya meza, wazi, na akaubakiza pale. Niliinua macho nione kama amechanganyikiwa, nikakuta ananitazama. Miaka minne amemwoa binti yangu na sikuwa najua kwamba macho yake yana rangi ya kahawia hafifu, na kwamba jicho la kushoto lina kovu dogo chini yake. Nikaweka karatasi mezani, nikampa mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu. Mwili wangu wote uliona haya. Nikamwambia kwa Kiingereza aketi, akanishukuru, akaketi.

Kuanzia hapo tulizungumza Kiingereza tupu, na yote ninayoyaandika yalisemwa kwa lugha hiyo.

Nikamuuliza swali la kwanza, ajieleze. Akajieleza. La pili, kwa nini alichagua ufundi huu. Akasema kwao maji yalikuwa yakitekwa bondeni na mama yake aliumia mgongo. La tatu lilikuwa la kumwelekeza mteja namna ya kufunga valvu kwa simu, na alilijibu polepole, hatua kwa hatua, hata mimi ningeifunga. Hakuniondolea macho hata mara moja. Nilikuwa natia tiki tu.

Nikasoma la nne.

"Bomba lilipasuka katika nyumba ya mteja," alianza. "Nilifunga maji. Nili—"

Akalegeza tai kidogo. Nilisikia mashine ya kuchomelea vyuma ikilia karakana ya mbali. Nikadhani amesahau, na nilitaka kumsaidia, na sikuruhusiwa.

"Samahani, Madam," akasema. "Bomba halikupasuka. Jambo gumu linalonikabili ni mke wangu. Mwezi wa tano alikwenda Saudia kufanya kazi katika nyumba ya watu. Alikwenda ili mimi nisome hapa. Ada yangu alikuwa analipa yeye. Aliniapisha nisimwambie mama yake, kwa sababu mama yake alisema safari hiyo itamzika. Mwezi wa tisa mwenye nyumba alimnyang'anya simu. Tangu siku hiyo sijasikia sauti yake. Wananizuia kusema naye, na yeye hawamruhusu kutoka nje. Mlango unafungwa kwa ufunguo."

Uzair aliinua kichwa kutoka kwenye kamera. Hakujua Abner ni nani wangu, lakini alijua hilo si jibu la mtihani.

"Hatua nilizochukua," Abner akaendelea, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha wasisahau hatua. "Nimekwenda kwa wakala aliyempeleka, mara sita. Ananiambia ningoje mkataba uishe. Nimeandika barua mbili kwa Kiingereza, nikafuata mpangilio uliotufundisha: anwani, tarehe, kichwa cha barua. Hazijajibiwa. Nimemdanganya mzee mmoja aliyekuja nyumbani kuuliza, na sikulala vizuri." Akaweka viganja mezani. "Matokeo, bado hakuna matokeo."

Sijui niseme nini juu ya dakika ile. Mama ndani yangu alikuwa ameshasimama, amepindua meza, amemshika shati. Mkufunzi alibaki kitini na kalamu. Taa nyekundu ilikuwa inawaka na mbele yangu kulikuwa na swali la tano, na kama nisingelisoma, cheti ambacho mwanangu amefungiwa ndani ya nyumba ya watu kwa ajili yake kingepotea. Ndivyo nilivyobanwa. Nilimchukia Abner. Nilimhurumia pia, wakati huo huo, na nilijichukia mimi zaidi kwa sauti niliyoipandisha mwezi wa kwanza.

Nikalisoma la tano. Unajiona wapi baada ya miaka mitano?

"Nyumbani," akajibu. "Na mke wangu. Nikiwa na kazi."

Lilibaki la sita, lile la kufungia kila mahojiano, na wanafunzi wote siku hiyo walilijibu kwa kuuliza kazi inaanza lini. Nikalisoma nikiwa nashikilia ukingo wa meza. Je, una swali lolote kwetu?

"Ndiyo, Madam, nina moja," Abner akasema. Sasa ndipo macho yake yalipojaa, lakini hakuyaondoa. "Nitamwambiaje mama yake?"

Sikuruhusiwa kujibu ovyo. Mkufunzi anajibu kwa sentensi moja, kwa adabu, kisha anashukuru. Nikatafuta sentensi. Nikamwambia: "Mwambie kama ulivyosema hapa. Atasikia."

"Asante, Madam," akasema.

Hapo mahojiano yalikuwa yameisha. Alikuwa amefanya kila kitu: mkono, macho, sauti, hatua, shukrani. Alikuwa amefaulu kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumhoji. Kilichobaki ni kusimama, kuaga, na Uzair kuzima. Abner akaanza kusogeza kiti, na papo hapo nikaona shingo yake inaanza kuinama, macho yanashuka, kwanza kidevuni mwangu, kisha kwenye vifungo vya blauzi, yakielekea sakafuni. Nikajua kabisa kitakachofuata. Taa ikizimika atakuwa mkwe, nami nitakuwa mama mkwe. Atatoka akiutazama mlango. Mimi nitabaki na swali langu, na nitamtuma tena mzee mwenye kofia aende kudanganywa.

Uzair akanyoosha mkono kwenye kamera.

"Usizime," nikamwambia.

"Madam, si maswali yamekwisha?"

"Nimesema usizime, Uzair."

Abner alisimama nusu, mikono juu ya meza. Nikamgeukia, na nikamuuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya darasani, ili tusitoke pale tulipokuwa: "Nani alimwona mara ya mwisho?"

Aliitazama karatasi yangu. Aliitazama taa nyekundu. Alikuwa amehesabu maswali kama mimi nilivyohesabu.

"Madam," akasema, "hilo ni la saba."

"Najua."

"Wataifuta. Ni mpaka mwezi wa saba."

"Najua, Abner. Keti."

Alifikiri kidogo. Nilimwona anafikiri juu ya miezi yote aliyokaa ameinama kwenye lile dawati, na juu ya nani aliilipia. Kisha akaketi, akanyoosha tai, akanitazama tena machoni.

"Ni msichana wa kutoka Kitui," akajibu. "Anafanya kazi nyumba ya pili. Alimwona Jumatano ya wiki iliyopita, dirisha la juu, lenye vyuma. Alikuwa anakunja shuka. Amekonda, lakini anatembea."

"Msichana huyo ana simu?"

"Anayo, kwa siri. Lakini hawezi kupokea simu ya mwanamume. Wakisikia sauti ya mwanamume watamfukuza. Aliniandikia kwamba mama yake Linda akipiga, saa nane mchana wakati wenye nyumba wamelala, atapokea, na atajaribu kumfikishia Linda simu kupitia ukuta wa nyuma." Macho yakamshuka, akayainua tena. "Ni wiki mbili sasa tangu aniandikie hilo mara ya kwanza. Nilikuwa sijui nitakufikishiaje."

Alisema nitakufikishiaje. Hakusema nitamfikishiaje mama yake. Hakuna aliyemkosoa.

"Namba yake unayo?"

"Ninayo kichwani."

Akaitaja kwa Kiingereza, tarakimu moja moja, akingoja kila mara kalamu yangu imfikie. Sikuwa na karatasi nyingine, nikaiandika kwenye fomu ya tathmini, juu ya visanduku vya alama. Nilipomaliza nikamsomea yote. Akaniambia tarakimu ya tano nimeikosea, si tatu, ni nane, nikaikata, nikaandika nane.